Isle of Wight na majimbo yake mawili: wengi bado wanachanganya

Isle of Wight ni kisiwa cha kusini mwa England, na tangu uchaguzi wa 2024 kina majimbo mawili ya ubunge badala ya moja. Hizi hapa dhana potofu kuhusu hilo.

Dhana: kisiwa kilikua na mbunge mmoja kwa vile ni kadogo.

Ukweli ni kinyume kabisa. Mpaka 2024 Isle of Wight ndo lilikua jimbo lenye wapiga kura wengi kuliko yote Uingereza, zaidi ya laki moja na elfu kumi kwa mbunge mmoja, wakati visiwa vya Na h-Eileanan an Iar kule Scotland wana kama elfu 21 tu na wao wana mbunge wao. Alafu kabla ya 1832 kisiwa hikihiki kilipeleka wabunge sita! Newport wawili, Yarmouth wawili, na Newtown, kijiji cha nyumba chache, nacho wawili.

Dhana: serikali imechora mpaka ili ijiongezee kiti.

Sio kweli. Kuwa na majimbo mawili kuliwekwa kwenye sheria ya 2011, baada ya wakazi kugoma kabisa kipande cha kisiwa chao kiunganishwe kijimbo na mkoa wa Hampshire ng'ambo ya maji. Mstari wenyewe wa mashariki na magharibi ukachorwa na Tume ya Mipaka, ambayo kazi zake anaziongoza jaji, Spika ni mwenyekiti kwa cheo tu. Na tangu sheria ya 2020 wabunge hawapigi tena kura kuikubali ramani ya majimbo au kuikataa, jambo ambalo binafsi naliona zuri sana maana 2013 bunge lilipitisha sheria ya kuahirisha zoezi zima. Uchaguzi wa Julai 2024 mashariki wakachukua chama cha Conservative, magharibi chama cha Labour.

Dhana: jimbo likigawanywa na halmashauri inagawanyika.

Hapana, halmashauri ni ileile moja, kodi na takataka unadili nao walewale.

Dhana: wakichora majimbo wanahesabu watu wote.

Hapa ndo wengi wetu tunapotea, maana Kenya kwa mfano mipaka inaangalia idadi ya watu wote. Uingereza wanahesabu majina yaliyomo kwenye daftari la wapiga kura, na ramani hii ilitumia daftari la 2 Machi 2020, wastani 73,393 kwa jimbo, lisipungue 69,724 wala kuzidi 77,062, isipokua majimbo matano ya visiwani yaliyosamehewa, yakiwemo haya mawili. Kwahiyo mtaa uliojaa watu wasiojiandikisha, kwenye ramani ni kama haupo. Na sisi tunahusika jamani! Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda anaeishi kule kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kujiandikisha na kumchagua mbunge hata kama hana pasipoti ya Uingereza. Wa Congo na Burundi hapana, mpaka apate uraia. Mapitio yajayo ya mipaka yanatakiwa yakamilike 2031, na ukihama nyumba unajiandikisha upya, jina halikufuati lenyewe.