Io, Europa na Ganymede katika safu ya noti 12

Kati ya miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo Januari 1610, mitatu inafuata mpango unaomfaa sana mtunzi wa muziki; hapa naugeuza kuwa kipande cha fluti, klarineti na selo. Ganymede ikizunguka mara 1, Europa huzunguka karibu mara 2 na Io karibu mara 4, wala yote mitatu haikutani upande mmoja. Europa na Ganymede zikikutana, Io iko ng'ambo, nyuzi 180. Callisto haimo katika mpango huo, kwa hiyo naiacha.

Mbinu ya kupanga noti ni ya mtunzi Arnold Schoenberg, Vienna, mwanzoni mwa miaka ya 1920: noti zote 12 zipigwe ndipo yoyote irudiwe. Safu yangu: C, B, F, F#, D, C#, G, G#, E, D#, A, A#. Zipe namba kwa kupanda nusutoni moja moja, C ikiwa 0 na B 11. Solfa ya kwaya itakupotosha, maana hapa hakuna do ya kurejea. Kupata kigeuzo, yaani safu iliyopinduliwa ili penye kupanda ishuke, toa kila namba kutoka 9. Ikiwa hasi, ongeza 12. Utapata A, A#, E, D#, G, G#, D, C#, F, F#, C, B.

Mzunguko mmoja una vipigo 48. Selo, yaani Ganymede, inapiga kigeuzo, kila noti vipigo 4. Klarineti (Europa) inapiga safu kwa vipigo 2 kila noti, mara mbili. Fluti (Io) inapiga safu, noti moja kila kipigo, ikianzia noti ya saba, G. Ni nusu ya safu mbele: ndizo zile nyuzi 180.

Kwa nini kigeuzo? Selo ikipewa safu ileile, itaanza na klarineti kwenye C, na sikio litaishika C kama nyumbani. Kwa kigeuzo hiki, ala hizo mbili hazigongani, yaani hazipigi noti ileile kwa wakati mmoja, hata mara moja katika vipigo vyote 48.

Fluti inakutana na klarineti kwenye vipigo 12, 13, 36 na 37: C# kisha G. Usiikwepe migongano hiyo, kwa sababu huko ndiko Io na Europa zinakokutana kweli, Ganymede ikiwa robo mzunguko mbali. Ila sauti ziwe za kimo kimoja, zisiachane kwa oktavu, na zikae juu ya oktavu ya chini ya fluti, ambako selo huimeza.

Fluti inagongana na selo kwenye vipigo 6, 16, 33 na 43. Hapo inyamaze. Kwa mwendo wa vipigo 144 kwa dakika, mapumziko hayo yanamtosha mpigaji kuvuta pumzi, na mfululizo mrefu kabisa ni noti 16.

Mizunguko 9 ni dakika 3. Kuhamisha ala zote, yaani kuzipandisha au kuzishusha kwa idadi ileile ya nusutoni mzunguko mpya ukianza, hakubadilishi vipigo vya migongano, lakini kuna mtego: mzunguko ukiisha, fluti iko katikati ya safu. Ukiihamisha papo hapo, noti zitajirudia kabla ya 12 kutimia. Iache imalize safu yake, vipigo 6 zaidi, kisha kagua vipigo hivyo kimoja kimoja kwa mkono. Klarineti ya B♭, ambayo husikika toni moja chini ya ilivyoandikwa, iandikiwe toni moja juu mwishoni kabisa, namba zote zikishakaguliwa.