Kiuno Kinauma Baada ya Mionzi? Si Lazima Saratani Iwe Imerudi

Mama mmoja alikuja kliniki anatembelea mwamvuli, yaani mwamvuli ndo fimbo yake, na kabla hata sijamuuliza kitu akasema daktari imerudi, mimi najua imerudi, vitenge vyangu nimeshawagawia wanangu. Alikuwa amemaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka na miezi kama minne nyuma, kila akija tunamkuta vizuri tu, sasa kiuno kikaanza kumuuma taratibu, hajaanguka, hajabeba ndoo, akisimama kusonga ugali anaumia mpaka jasho linamtoka, akijilaza anapata nafuu. Eksirei ya kwanza alikoanzia ikaonekana safi. Tulipompiga MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, tukakuta mfupa wa nyuma ya nyonga, ule unaobeba uti wa mgongo, umepasuka kulia na kushoto. Saratani hakuna.

Kiukweli hili, kwamba mionzi inaweza kudhoofisha mfupa mpaka ukapasuka, hatulisemi vya kutosha siku mgonjwa anasaini fomu ya kukubali mionzi. Tunamwambia utaharisha, utachoka, ngozi itakuwa nyeusi, mambo ya zile wiki tano, ya mifupa tunayagusa juu juu tu mana ni ya baadaye, halafu hiyo baadaye ikifika mtu yuko kwao kijijini na hakuna anayeunganisha maumivu ya leo na mionzi ya mwaka juzi.

Watu wengi wanaona mfupa kama nguzo ya zege, ukishakauka umekauka. Hapana. Mfupa uko hai, una damu, na ndani yake kuna mafundi wanaobomoa palipochakaa na wengine wanaojenga upya, karibu asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima inabadilishwa kila mwaka. Mionzi inawapunguza sana hao wanaojenga, na vimishipa vya damu vinavyowalisha vinakuwa vyembamba pole pole. Sasa vile vinyufa vidogo ambavyo kila mtu anavipata kwa kutembea na kuinuka tu, kwako vinakaa havizibwi, kimoja juu ya kingine, mpaka siku mfupa unaachia. Ndo mana inachukua miezi, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, ila hata baada ya hapo inatokea.

Na kwa nini nyonga? Ile mistari ya wino tuliyokuchora tumboni na ubavuni, pale ndo mionzi inapoingilia, kwa mpango wa kawaida ni mbele, nyuma, kulia na kushoto, dozi ya Grei 45 mpaka 50 (Grei ni kipimo cha mionzi, kama kilo kwa unga) ikigawanywa vipindi kama 25. Mlango wa kizazi umekaa katikati ya bakuli la mifupa, huwezi kuufikia bila kupita kwenye bakuli. Mashine za kisasa zinaweza kuukwepa mfupa kwa kiasi fulani, sio wote.

Halafu kuna pigo la pili. Mionzi ya nyonga inazima ovari, kwa hiyo dada wa miaka 36 anakoma hedhi ndani ya muda mfupi tu, na estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa inalinda mifupa yake, inakata. Wengi wenye saratani hii wanaweza kupewa homoni za kurudishia, ila mpaka daktari wako aangalie aina ya saratani na hali yako, kwa hiyo uliza, usione aibu. Walio hatarini zaidi ni waliokwisha vuka hedhi, wembamba sana, wavutaji sigara na waliotumia dawa za steroidi muda mrefu.

Eksirei ya kawaida inaukosa mpasuko huu mara nyingi, utumbo na hewa vinaufunika. MRI ndo inauona mapema, CT nayo inasaidia. Kwenye skani ya mifupa mpasuko wa pande zote mbili saa nyingine unachora kabisa herufi H, na ukiiona ile H unajua huu ni mfupa uliochoka, saratani iliyosambaa huwa inatapakaa ovyo ovyo.

Matibabu hayana maajabu: dawa ya maumivu, kupunguza mzigo, fimbo au fremu ya kutembelea, ila usilale kitandani miezi, mfupa usiotumika unazidi kuisha. Kalsiamu, vitamini D, dagaa wa kutafuna na mifupa yake, maziwa, jua la asubuhi. Wengi maumivu yanapungua ndani ya miezi kadhaa. Ninachokuomba usiende kukandwa na kuvutwa miguu, na usijinunulie vidonge vya maumivu vya diklofenaki dukani kila wiki, wagonjwa wetu wengi figo zao zilishaumia tangu mwanzo, uvimbe wa saratani ulipobana mirija ya mkojo, dawa ile inazimalizia.

Lakini ukianza kufa ganzi katikati ya mapaja, miguu ikaishiwa nguvu au mkojo ukashindwa kutoka au kuzuilika, hiyo usisubiri tarehe ya kliniki, njoo siku hiyo hiyo.

Waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo wao kazi iko kwenye taya, hasa la chini mana damu yake ni kidogo. Dozi huko inavuka Grei 60, mate yanakauka, meno yanaoza haraka, mtu anaenda kung'oa gego kama alivyong'oa zamani, kidonda hakifungi, mwisho mfupa unaonekana mweupe mdomoni. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, wiki mbili au tatu mapema ili kidonda kipone, na baada ya hapo mwambie daktari wa meno kwamba ulipigwa mionzi, hata kama imepita miaka 15.

Yule mama fimbo ameiacha, vitenge sijui kama wamemrudishia. Karatasi yake ya mionzi, ile yenye sehemu iliyopigwa, dozi na tarehe, ilikuwa imelowa mvua haisomeki, ikabidi tuchimbe faili zima stoo. Ya kwako ipige picha leo, umtumie na mtoto wako au mtu wa karibu, simu zinapotea.