Jua la saa sita haliharibu picha ya korongo

Ijumaa usiku nimepokea ujumbe ambao mwaka huu nimeshaupokea mara nyingi mno: "Shikamoo mjomba. Kesho tutoke saa 10 alfajiri basi, maana ikifika saa 3 jua limeshaharibu kila kitu." Kijana ana adabu na kamera yake nzuri, simlaumu. Lakini hii kauli kwamba mandhari hupigwa asubuhi na jioni tu imenifika hapa. Nimeisikia kwa wapiga picha za harusi, kwa waongoza watalii, hata kwa mtu anayefundisha wenzake kwa ada. Ufukweni Raskazone ni kweli. Kwenye mashamba ya mkonge ni kweli. Korongoni, yaani kwenye bonde jembamba lenye kuta za mawe, si kweli hata kidogo.

Nikamjibu: tunatoka saa 3, kunywa chai kwanza.

Tulikwenda Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji wa Tanga, njia ya Horohoro. Wengi wakifika huko hukimbilia mapangoni, wakausahau Mto Mkulumuzi uliolichimba jiwe la chokaa na kuacha kuta za mawe kandokando yake. Saa 4 nikamsimamisha mbele ya ukuta ulioteremkiwa na mizizi ya mkuyu. Piga. Akapata f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na nusu sekunde ya kuingiza mwanga. Picha ikatoka ya buluu, bapa, mizizi na jiwe vimeshikamana kama doa moja. Nikamwambia asiguse stendi. Tukakaa, tukala maandazi. Saa 5:20 akapiga tena palepale: f/8 ileile, ISO ileile, sasa sekunde 1/15 tu inatosha. Mwanga umeongezeka karibu mara nane na jua lenyewe halijaugusa ukuta ule. Kila mzizi ulikuwa na upande wake angavu na upande wake wa kivuli, na ungeweza kuhesabu vishimo ambavyo maji yamevila kwenye jiwe.

Mwanga ule ulitoka ukuta wa pili. Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kuupiga ukuta wa ng'ambo, nao ukaurusha mwanga kwetu ukiwa umeshalainika. Korongoni taa yako ni ukuta unaokuelekea, na asubuhi taa hiyo haijawashwa.

Chukua korongo la kuta wima lenye kina cha mita 20 na upana wa mita 10. Ili jua lifike chini, lazima liwe ndani ya nyuzi 27 hivi kutoka utosini, yaani juu kabisa ya kichwa. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa. Kama korongo limelala kaskazini hadi kusini, una kama saa moja na dakika 50 kabla ya jua la utosi, na muda kama huo baada yake. Aliyekuja alfajiri akaondoka saa 3 amepiga mdomo wa korongo tu. Likilala mashariki hadi magharibi hesabu inageuka: mwezi wa Juni jua letu la mchana linaegemea kaskazini kwa nyuzi 28, chini halifiki siku nzima, ila Desemba linafika. Ndiyo maana mtu akiniuliza "saa ngapi?" namuuliza kwanza korongo limelalaje. Mkulumuzi unajipindapinda, kwa hiyo kila kona ina saa yake.

Na jua la utosi kwetu si saa 6 kamili. Tanga tuko magharibi ya mstari unaoendesha saa zetu, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba ni saa 6:12, na Februari hukaribia saa 6:40. Dakika zenyewe hizo mimi sipigi chini kabisa: mchanga na maji vinaungua, yaani vinatoka vyeupe tupu kwenye picha. Napiga saa moja kabla na saa moja baada, na anga naiacha nje ya fremu. Ukiiingiza, ama iungue yenyewe ama ukuta uwe mweusi.

Picha maarufu za korongo la Antelope Canyon, kule Arizona, Marekani, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, zile za mihimili ya mwanga ikidondoka, hupigwa karibu na adhuhuri wakati wa kiangazi. Ikifika Desemba jua lao la mchana liko nyuzi 30 tu juu ya upeo. Letu halishuki chini ya 61 mwaka mzima. Tumepewa kitu ambacho wenzetu wanakisubiri kwa msimu, halafu saa 4 tunafunga begi.

Rangi sasa. Mteja mmoja alinirudishia picha akitaka jiwe liwe la chungwa "kama la Marekani". Jiwe la Navajo ni la mchanga lenye kutu ya chuma. Mwanga ukigonga ukuta mwekundu, ukarushwa, ukagonga mwekundu mwingine, kila mara unazidi kuiva. Chokaa yetu ni ya kijivu na mwanga unaotoka humo ni wa kijivu, pamoja na ukijani wa majani yaliyofunika juu. Filta ya kulichomea jiwe la Amboni rangi ya chungwa ni uongo, na nilikataa kazi ile.

Ila ule ukijani bado unanisumbua. Nikiweka Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500 upande wa kivuli unakuwa wa buluu kuliko nilivyouona. Nikipandisha hadi 6,200 jiwe linapendeza, na kesho yake naona nimelipaka. Nikiondoa kijani chote ukuta unakuwa safi, lakini kijani kilikuwepo, kilikuwa mpaka mikononi mwetu. Picha hiyohiyo nimeirudia mara tatu wiki hii na zote tatu nimezihifadhi.

Mengine kwa ufupi. Viatu vya kushika mwamba, maji, mwongozaji wa pale. Mapangoni usiwapige popo flashi. Kuna mahali watu huja na sadaka zao. Kamera chini mpaka uruhusiwe. Na usiangalie wingu la juu yako tu: tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali nao. Vuli ikianza, mtoni sishuki.

Saa 8 kijana akawa bado amepiga magoti kwenye kona ya pili, ukuta wa mashariki umewaka, wa magharibi umezimika. Nikamwita twende. "Mjomba, dakika kumi tu." Nikamwachia nusu saa.