Kabla hujaongeza kinini kingine juu ya takrolimusi

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia katika farmasia ninamofanyia kazi hapa Bukavu, upande wa Kadutu, akaomba eritromisini ya kikohozi. Nikamuuliza: mama, kuna dawa nyingine unameza? Akafungua mkoba, akanionyesha takrolimusi. Alipandikizwa figo India. Niliirudisha eritromisini kabatini, nikampigia simu daktari wake.

Takrolimusi na siklosporini hushusha kinga ya mwili ili isiishambulie figo iliyotoka kwa mtu mwingine. Mwili huzivunja kwa kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo katika ini na ukuta wa utumbo. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, dawa hujaa katika damu: mikono inatetemeka, presha inapanda, na figo ile ile tunayoilinda inaumia. Eritromisini, klaritromisini, flukonazoli na ketokonazoli hukizuia. Azitromisini hukigusa kidogo tu, ndiyo maana daktari aliichagua. Balungi pia, hili tunaloliita pamplemusi, hukizuia kile cha utumboni, na athari yake hupita siku moja. Kulila asubuhi na kumeza dawa jioni hakuondoi hatari.

Lakini kinachoninyima usingizi ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Kifua kikuu tunacho hapa kwetu, na aliyeshushwa kinga hukipata upesi kuliko wengine. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na rifampisini imo kila siku. Hiyo hulisukuma ini litengeneze CYP3A4 kwa wingi, hata takrolimusi inavunjwa kabla haijafanya kazi. Haitokei siku ya kwanza. Nguvu hiyo hupanda kwa wiki moja hadi mbili. Wakati huo mgonjwa anafurahi kwamba kikohozi kinapungua, kumbe mwili umeanza kuikataa figo. Hapo daktari hupandisha kipimo, pengine mara kadhaa ya kile cha zamani, au huweka rifabutini, ambayo nguvu yake kwa ini ni ndogo. Damu ipimwe kiasi cha takrolimusi mara kwa mara, ichukuliwe asubuhi kabla ya kumeza dawa, maana ikichukuliwa baadaye namba itadanganya.

Kisha inakuja siku ya kumaliza rifampisini, na watu wengi huisahau. Ini hurudia hali yake taratibu, kama wiki 2, na kile kipimo kikubwa kinageuka sumu. Kwa hiyo tarehe hiyo naiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya mgonjwa. Fenobarbitali na karbamazepini za kifafa nazo hulisukuma ini vivyo hivyo.

Wenye baridi yabisi wanaotumia metotreksati, nayo hushusha kinga, wasipewe kiholela antibiotiki ya Bactrim: zote mbili hupigana na folati, vitamini ya kutengenezea damu, na uboho unaweza kuacha kutengeneza damu. Anayetumia azathiopirini, dawa nyingine ya kushusha kinga, akiongezewa alopurinoli ya jongo, azathiopirini hushushwa hadi robo hivi, la sivyo chembe nyeupe za damu zinaanguka. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, hatari kwa aliyeshushwa kinga. Anayehitaji kadi ya chanjo hiyo kwa safari aongee kwanza na daktari wake.

Yule mama, akiwa mlangoni, aligeuka akauliza kuhusu ibuprofeni ambayo jirani yake humpa mgongo ukiuma. Nikamwambia hapana, mama, hiyo na takrolimusi zote zinaiumiza figo, chukua parasetamoli. Akaitoa pakiti mkobani, akaniachia mezani.