Ukuta wa mpakani dhidi ya ugaidi: dhana na ukweli

Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi ya tanzanaiti Mirerani. Tangu hapo, mazungumzo ya Dodoma yakifika kwenye magaidi wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, hoja haikosi: jenga mwingine kando ya Ruvuma, mto wa mpaka wetu na Msumbiji, yaishe.

Dhana: Ukuta humzuia mtu kuvuka.

Ukuta humchelewesha tu. Mwenye ngazi hupanda uzio wa mita 4 chini ya dakika moja. Kinachomzuia ni askari atakayefika kabla hajatokomea, na hapo ndipo gharama ilipo. Chukua mpaka wa Kenya na Somalia, takriban kilomita 700. Kituo kila kilomita 5 ni vituo 140. Askari 2 kwa zamu, zamu 3, na 2 wa kushika nafasi za wagonjwa na walio likizo: 8 kwa kituo, 1,120 kwa mpaka mzima, bado madereva, mafundi na wapeleka maji. Hata hivyo, gari la kilomita 40 kwa saa kwenye njia ya vumbi litatumia karibu dakika 4 kufika katikati ya vituo viwili. Mvukaji kashaingia kichakani.

Kenya iliamua kujenga uzio kwenye mpaka huo mwaka 2015, mwaka ambao shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa liliua watu 148. Bunge lake lilisitisha kazi mwaka 2019: shilingi za Kenya bilioni 3.4 zilikuwa zimetumika, na uzio umefika kama kilomita 10.

Mirerani ni jambo jingine kabisa. Mzunguko ni mfupi, lango ni moja, na kazi ni kuzuia jiwe lisitoroshwe. Ruvuma hufurika masika, hubadili mkondo, na kiangazi huacha michanga ambako watu huvuka kwa miguu. Msingi utakaa wapi? Ukiurudisha nyuma hadi kwenye ardhi ngumu, mashamba ya watu yanabaki nje. Ng'ambo zote mbili wanaishi Wamakonde, ndugu kwa ndugu. Wavuvi na wenye mitumbwi ndio wanaozijua njia za panya na sura ngeni. Wavamizi walivuka mto huo na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Taarifa ya mapema ya uvamizi kama ule hutoka kwa mvuvi, na mvuvi uliyemfungia nje hana sababu ya kukupigia simu.

Dhana: Kamera na vihisio vitaziba pengo la askari.

Uzio wa Israel kuzunguka Gaza ulikamilika Desemba 2021: kilomita 65, urefu wa mita 6 hivi, vihisio hadi chini ya ardhi. Tarehe 7 Oktoba 2023 droni za Hamas zilianza kwa kupiga kamera na bunduki zinazoendeshwa kwa mbali. Kisha baruti na buldoza zikafungua mapengo. Waliouawa ni takriban 1,200. Mitambo ilipopofushwa, askari waliokuwepo karibu hawakutosha.

Dhana: Gaidi hutoka nje.

Bomu lililolipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu 11 lilitayarishwa kwenye nyumba ya kupanga, Ilala. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Na hata wanaotoka nje si lazima wapite penye ukuta: watekaji 19 wa ndege za Septemba 2001 waliingia Marekani kwa viza. Walioshambulia Mumbai, India, 2008, walifika kwa bahari.

Kizuizi kinafaa kinapolinda mahali padogo. Lori la bomu la Dar lilishindwa kuingia getini kwa sababu lori la maji la ubalozi lilikuwa limeziba njia.

Dhana: Dodoma iko mbali na mipaka.

Ilala nayo haipo mpakani. Mwenye nyumba achukue nakala ya kitambulisho cha NIDA kabla ya kutoa ufunguo, ampeleke mpangaji kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, na ajue nyumba inatumiwaje. Gesti ziandike wageni kwa kitambulisho walichoonyesha. Jina la mdomo halitoshi. Mpangaji akilipa mwaka mzima taslimu, lakini hakai hapo, na mizigo inaingia usiku, usimhoji wala usipekue: piga 112, taja mtaa, namba ya gari na saa uliyoliona.