Mmea wa "siku fupi": siku gani hiyo?

Kuna kijana anauza miche kando ya barabara, ukitoka Arusha kwenda Tengeru. Mcheshi, na vyungu vyake amevipanga vizuri. Jumamosi nilimsikia akimwambia mteja: "Mama, hii kalankoe ni mmea wa siku fupi, kwa hiyo usishangae ikiisha mapema." Yule mama akairudisha, akachukua waridi. Nilikuwa nawahi daladala, nikanyamaza, lakini ilikuwa mara ya tatu mwezi huu nasikia neno hilo likipotoshwa. Wa kwanza alidhani ni mmea usiopenda mwanga. Wa pili ni jirani yangu, na yeye limemgharimu uniti za luku, nitamrudia.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Mmea wa siku fupi ni ule unaotoa maua pale giza la usiku linapodumu muda wa kutosha bila kukatizwa. Umri wake haumo, wala ukali wa mwanga unaoutaka mchana. Krisanthemamu wamo, kalankoe wamo, na poinsetia, lile jekundu la Krismasi.

Msomaji makini atauliza: kama jambo lenyewe ni giza, siku imeingiaje? Iliingia Marekani. Mwaka 1920 watafiti wa mimea, Garner na Allard, walichapisha habari za tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo kiangazi ilirefuka tu bila kutoa ua. Walipoiingiza kwenye kibanda cha giza kila alasiri kabla jua halijazama, ikachanua. Wakaona kinachopimwa ni urefu wa mchana, na mimea ya namna hiyo wakaipa jina la mchana mfupi. Kwa walichokiona, jina lilikuwa la haki. Mwaka 1938 watafiti wengine, Hamner na Bonner, wakalijaribu upya jambo hilo kwa gugu moja lenye mbegu za miiba inayong'ang'ania nguo. Mchana walipoukatiza kwa giza, gugu halikujali. Usiku walipoukatiza kwa dakika moja ya mwanga, halikutoa ua. Kumbe mmea ulikuwa unahesabu usiku muda wote! Ila jina lilishazoeleka, likabaki.

Hao nawasamehe. Sisi tulioleta jina hilo kwenye Kiswahili hatuna utetezi. Kiingereza kina neno moja tu kwa mchana na kwa saa 24 zote, sisi tuna mawili, na mfasiri akachagua lisilofaa. Siku haifupiki. Januari ina saa 24, Julai ina saa 24. Kinachofupika ni mchana, na lugha yetu haijawahi kuvichanganya hivi viwili: twasema mchana kutwa, yaani mpaka jua litwe, na usiku kucha, yaani mpaka kuche. Ukisema "siku fupi" mbele ya Mswahili, akili yake inakwenda kwenye siku chache, na ndivyo kijana wa miche alivyofika kwenye kifo cha mapema cha kalankoe. Simlaumu.

Lakini kinachonifurahisha, au kuniudhi, kutegemea nimeamkaje, ni kwamba siku na usiku ni shina moja. Wazulu wana usuku kwa siku na ubusuku kwa usiku. Wachewa wana tsiku na usiku. Kwa Wakikuyu ũtukũ ni usiku tu. Shina lenyewe la kale lilikuwa la giza, watu wakihesabu muda kwa usiku waliolala. Ndiyo maana siku ya Mswahili huanza jua linapozama, na mzee wa pwani akitaja usiku wa Ijumaa anaweza kuwa na maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Watu waliohesabu usiku ndio walioletewa mmea unaohesabu usiku, na bado jina tukalichukua mgongoni mwa wengine. "Mmea wa usiku mrefu" lingetosha kabisa.

Jirani sasa. Ana kalankoe sebuleni, Njiro, mwaka mzima majani manene tu. Akaambiwa maua yanataka mwanga, akanunua taa ya kukuzia mimea, akaining'iniza sentimita 30 juu ya chungu na kuiwasha kuanzia magharibi mpaka saa sita za usiku. Majani yakazidi kunenepa. Akaishusha zaidi, mpaka ncha za majani zikababuka. Aliponiita nilikuta taa inawaka kama mwezi mpevu na mwenye chungu amekata tamaa.

Nilimwambia, mama, kabla ya kuuliza taa ikae wapi, uliza inafanya kazi gani. Taa ya kulisha hukaa karibu, kwa sababu mwanga wa balbu moja hupungua upesi: umbali ukiwa maradufu, unabaki robo. Kwa urujuani wa Usambara, ua la milima yetu ya Tanga ambalo halijali urefu wa usiku, sentimita 30 chini ya tyubu ni sawa kabisa. Weka kiganja usawa wa majani nusu dakika. Ukihisi joto, pandisha. Kazi ya pili ya taa ni ya saa, yaani kuubadilishia mmea hesabu ya usiku, na huko umbali hausaidii sana. Mwanga hafifu tu wa katikati ya usiku unatosha kuuvunja usiku mrefu vipande viwili vifupi. Wanaokuza vipandikizi vya krisanthemamu wanazitegemea taa za usiku kwa ajili hiyo hasa: kuyazuia maua yasitoke. Hapa kwetu tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki nusu saa, usiku ni mrefu siku zote, na krisanthemamu ingechanua ikiwa bado kinda.

"Kwa hiyo nimenunua taa ya kuzuia maua?"

"Umenunua taa nzuri, mama. Umeiwasha saa za giza."

Tukaihamishia asubuhi, kuanzia saa mbili, na kuipandisha mpaka sentimita 45. Kila saa kumi na mbili jioni anakifunika chungu kwa boksi la televisheni mpaka saa mbili asubuhi, kwa wiki sita. Boksi lina tundu la kushikia upande mmoja, akaliziba kwa gundi ya karatasi, maana taa ya ukumbini ilikuwa inapenya hapo na kuangukia chungu moja kwa moja. Wiki ya saba aliniita tena. Vichomozi vya maua vilikuwa vidogo kama punje za mtama.

Jumamosi nikipita tena kwa yule kijana nitamwambia taratibu, bila kumwaibisha mbele ya wateja: sema usiku mrefu, kaka. Na ile balbu ya kibanda chako inayowaka mpaka saa nne, kalankoe zisikae chini yake.