Kiesperanto hakikupi viza

Kila darasa jipya la Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, likianza hapa Dar, swali ni lile lile: "Nikishakijua, napata safari lini?" Wengi wamesikia habari za Pasporta Servo, wakadhani kuna paspoti inayogawiwa. Haipo! Pasporta Servo, iliyoanza mwaka 1974, ni orodha ya watu wa nchi mbalimbali wanaokubali kumlaza bure mgeni anayezungumza Kiesperanto. Paspoti unaifuata Uhamiaji, viza unaiomba ubalozini, nauli unatoa mfukoni mwako.

Mwenyeji huandika mwenyewe anapokea wageni wangapi, kwa siku ngapi, na anataka taarifa mapema kiasi gani. Soma masharti hayo kwanza, kisha mwandikie kwa Kiesperanto: unafika lini, unaondoka lini, mko wangapi. Anaweza kukataa, na chakula si haki yako. Ukimwandikia kwa Kiingereza umejiharibia mwenyewe, maana lugha ndiyo sharti.

Wengine wanatafuta rafiki wa barua wa nchi nyingine. Hapo kinachoudhi kuliko vyote ni barua ya kwanza kabisa kuwa ya kuomba ada au simu. Anayeipokea hunyamaza, na kesho hamjibu hata Mtanzania mwingine aliyeandika kwa nia njema. Andika sentensi tano au sita tu: unaishi Mbagala, daladala za asubuhi zinavyojaa, jioni mnakula nini. Malizia kwa swali moja kuhusu kwao. Ndivyo urafiki wa barua unavyoanza.

Halafu kuna visingizio vya wasiotaka kujifunza. "Ni lugha ya Wazungu, itatushinda." Irabu zake ni tano, zinatamkwa kama zetu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kwenye Kiswahili. Panapotutesa ni r na l (lando ni nchi, rando ni ukingo), na ile -n ya mtendwa. "Hundo mordas viron": mbwa anamng'ata mwanamume. Geuza, "Viron mordas hundo," na bado anayeng'ata ni mbwa. Hamisha hiyo -n kwenye hundo, mwanamume ndiye anamng'ata mbwa. Ifanyie mazoezi kila siku, usiiache mpaka "baadaye".

"Kimekufa." Kongamano lake la dunia, lililoanza mwaka 1905, lilifanyika Arusha Agosti 2024, mara ya kwanza barani Afrika.

"Kimekuja kuua Kiswahili." Zamenhof, aliyekibuni, alipokitoa mwaka 1887 alikikusudia kiwe lugha ya pili ya kila mtu; nyumbani kila mmoja abaki na yake.